Ukimya wa Zana: Kumwandikia Wakala wa Akili Mnemba Maelezo ya Zana ya Kuchota Data

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wasanidi programu, watunzaji wa hifadhidata na waandishi wa nyaraka, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo kwa kawaida huachwa hadi mwisho wa mradi, wakati bajeti imekwisha na watu wamechoka: kuandika maelezo ya zana ya kuchota data pale ambapo msomaji wa maelezo hayo ni wakala wa akili mnemba. Kwa zana ya kuchota data nina maana ya programu yoyote inayopokea ombi, ikaingia katika hifadhidata, maktaba ya nyaraka, kumbukumbu za vipimo au huduma iliyo mtandaoni, kisha ikarudi na rekodi zilizoombwa. Kwa wakala nina maana ya modeli ya lugha iliyopewa lengo na ruhusa ya kuita zana kama hizo yenyewe, hatua baada ya hatua, ikisoma jibu la hatua moja kabla ya kuamua hatua inayofuata.

Kuandika maelezo ya programu si jambo geni. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix una tarehe ya 3 Novemba 1971, na mpangilio wake, yaani jina la amri, namna ya kuiita, kazi inayofanya, na hata sehemu ya kasoro zinazojulikana, umeigwa tangu wakati huo katika mifumo mingi. Kilichobadilika ni mahali maelezo yanapokaa. Mwaka 2023 kampuni ya OpenAI ilipowawezesha wasanidi kuipa modeli orodha ya vitendaji, yaani kazi za programu, inavyoweza kuviita, na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilipochapisha itifaki ya Model Context Protocol ya kuunganisha modeli na zana na data, muundo wa msingi ulikuwa mmoja: zana huja na jina, maelezo kwa lugha ya kawaida, na skima ya JSON, yaani muundo rasmi unaosomwa na programu, inayotaja vigezo vyake. Vitu hivyo huwekwa mbele ya modeli pamoja na swali la mtumiaji, na kutokana navyo modeli huamua ni zana gani iitwe na kwa vigezo gani. Sentensi unayoiandika katika maelezo ya zana, basi, inasomwa kila mara wakala anapoanza kazi, na ukibadilisha neno moja ndani yake mwenendo wa mfumo mzima unaweza kubadilika ilhali hakuna mstari wa msimbo ulioguswa. Ndiyo maana nayahesabu maelezo hayo kuwa sehemu ya zana yenyewe, yenye kustahili uangalifu ule ule tunaoupa msimbo.

Tumtazame kwanza msomaji huyu. Haoni msimbo wa zana, haoni majedwali yaliyo nyuma yake, na kwa kawaida hakumbuki alichojifunza jana katika kazi nyingine. Msanidi aliye binadamu akikwama hufungua jedwali akalikagua kwa macho, au humfuata mwenzake aliyeijenga zana. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na ukweli ni kwamba nyaraka zetu nyingi zimeandikwa kwa kuitegemea hekima hiyo: zinaeleza nusu ya jambo, zikiamini kwamba nusu ya pili itapatikana kwa kuuliza. Wakala hana wa kumwuliza isipokuwa mtumiaji, na mtumiaji huyo mara nyingi anajua machache zaidi kuhusu hifadhidata kuliko wakala mwenyewe. Zaidi ya hayo, modeli ya lugha imefunzwa kuendeleza maandishi kwa namna inayoelekea kuwa sahihi, na ikiachiwa pengo ina wepesi mkubwa wa kulijaza kwa jambo linalofanana na ukweli.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Katika maelezo ya zana ya kuchota data, sehemu yenye uzito mkubwa kuliko zote ni ile inayoeleza zana haina nini, inaishia wapi, na ukimya wake una maana gani. Inachofanya zana ni rahisi kukieleza, na karibu kila mtu hukieleza. Ukimya wake karibu hauelezwi na yeyote, na huo ndio unaozaa majibu ya uongo yanayotolewa kwa sauti ya uhakika.

Chukueni zana inayotoa vipimo vya mvua kutoka vituo vya hali ya hewa. Mtumiaji anauliza kama mvua ilinyesha katika kituo fulani wiki ya pili ya mwezi uliopita. Wakala anaiita zana, na zana inarudisha orodha tupu. Orodha hiyo tupu ina maana gani? Huenda kifaa cha kupimia kiliharibika na hakuna kilichorekodiwa. Huenda vipimo vya wiki hiyo vilichukuliwa lakini bado havijaingizwa katika hifadhidata. Huenda jina la kituo limeandikwa kwa tahajia tofauti na ile iliyoko katika jedwali, na zana, badala ya kusema kwamba haikitambui kituo, imetafuta ikakosa. Huenda ufunguo wa wakala hauruhusiwi kuona vituo vya aina hiyo. Na huenda, katika hifadhidata hiyo, siku kavu haziandikwi kabisa, kwa hiyo kukosekana kwa rekodi ndiko kunakomaanisha kwamba mvua haikunyesha. Kati ya maana hizo tano, ni moja tu inayomruhusu wakala kumjibu mtumiaji kwamba hapakuwa na mvua. Kama maelezo hayasemi lolote, wakala atachagua maana iliyo rahisi kuliko zote, atasema hapakuwa na mvua, na mtu atakayeisoma ripoti hiyo hatakuwa na njia ya kujua kwamba hukumu hiyo imejengwa juu ya kifaa kilichoharibika.

Dawa yake si sentensi ngumu. Maelezo ya zana hiyo yangeweza kusema hivi: “Zana hurudisha rekodi moja kwa kila kituo kwa kila siku iliyopimwa. Siku ambayo mvua haikunyesha ina rekodi yenye thamani 0. Siku isiyo na rekodi ni siku ambayo kipimo hakikuchukuliwa au hakijaingizwa. Usiihesabu kuwa siku kavu. Msimbo wa kituo usiojulikana huleta hitilafu, hauleti orodha tupu.” Ni sentensi tano fupi, nazo zimefunga milango minne ya upotofu. Angalieni pia kwamba sentensi ya mwisho isingeweza kuandikwa kama zana yenyewe isingekuwa hivyo. Mwandishi mwangalifu anapojaribu kueleza ukimya wa zana, mara nyingi hugundua kwamba zana inachanganya hali ambazo zilipaswa kutengwa, na hapo kazi humrudia msanidi. Hii ni faida kubwa ya kuandika maelezo mapema, kabla zana haijakamilika.

Tofauti ya sifuri na thamani tupu inahitaji neno zaidi, kwa maana inapuuzwa hata na watu makini. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, thamani tupu (NULL) si sifuri wala si maandishi yasiyo na herufi. Wastani ukikokotolewa, rekodi zenye thamani tupu huachwa nje ya hesabu, ilhali zenye sifuri huingizwa na kuushusha wastani huo. Zana inayogeuza thamani tupu kuwa sifuri ili jibu lionekane safi inaharibu ushahidi, na hakuna maelezo yanayoweza kuurudisha. Zana inayoacha thamani tupu kama ilivyo, lakini haielezi ilitokana na nini, humwacha wakala akikisia. Kila safu inayoweza kuwa na thamani tupu inastahili sentensi moja inayosema utupu huo unatokana na nini.

Kuna ukimya wa aina ya pili, ulio hatari zaidi kwa sababu hauonekani: jibu lililokatwa. Wacha nitoe mfano wa huduma ya umma inayojulikana na kutumiwa sana, kiolesura cha viashiria cha Benki ya Dunia, ambacho mtu yeyote anaweza kukiita bila ufunguo. Kila kiashiria kina msimbo wake; idadi ya watu wote, kwa mfano, ni SP.POP.TOTL. Ukiomba kiashiria hicho kwa nchi zote bila kutaja ukubwa wa ukurasa, utapewa rekodi 50 za mwanzo. Jibu lenyewe ni la uaminifu, maana mwanzoni mwake limetaja namba ya ukurasa, idadi ya kurasa, ukubwa wa ukurasa na jumla ya rekodi. Lakini tuseme msanidi ameijengea huduma hiyo zana ndogo kwa ajili ya wakala wake na, kwa nia njema ya kupunguza maneno, ameitupa sehemu hiyo ya mwanzo na kurudisha rekodi peke yake. Wakala sasa anaona orodha ya rekodi 50 isiyo na dalili yoyote kwamba kuna nyingine. Akiulizwa ni nchi ipi yenye watu wengi kuliko zote, atatafuta katika hizo 50 na kujibu bila wasiwasi.

Mfano huo una funzo jingine ndani yake. Ombi la nchi zote katika huduma hiyo haliishii kwenye nchi, bali huleta pia makundi, kama vile kanda za dunia, makundi ya kipato, na dunia nzima kwa ujumla wake. Wakala akijumlisha rekodi zote ili kupata idadi ya watu duniani, atawahesabu watu wale wale mara nyingi. Jambo hili limeelezwa katika nyaraka za huduma hiyo na mtaalamu wa takwimu analijua, lakini wakala anayesoma maelezo ya zana yetu ndogo, yanayosema tu kwamba “hurudisha data ya kiashiria kwa nchi,” hana sababu ya kulishuku. Vivyo hivyo kwa pato la taifa: NY.GDP.MKTP.CD ni pato kwa dola za Marekani kwa bei za mwaka husika, na NY.GDP.MKTP.KD ni pato kwa dola za bei zisizobadilika za mwaka wa msingi. Herufi moja inatenganisha swali la ukubwa wa uchumi leo na swali la ukuaji wake katika miaka kumi, na wakala asiyeambiwa tofauti atachukua msimbo wowote wenye maneno yanayokaribiana na swali.

Kutokana na mfano huo ningeshauri kwamba maelezo ya kila zana inayorudisha orodha yaseme bayana ukomo wa rekodi kwa ombi moja, mpangilio wa rekodi hizo, namna ya kupata zinazofuata, na alama inayoonyesha kwamba zimekwisha. Tena ningeshauri alama hiyo iwe ndani ya jibu lenyewe, kwa sababu maelezo yaliyosomwa mwanzoni mwa kazi ndefu hufifia kadiri mazungumzo yanavyorefuka. Jibu linalosema “rekodi 50 kati ya 16,000, omba ukurasa wa 2 ili kuendelea” linamkumbusha wakala pale pale anapohitaji kukumbushwa.

Niseme sasa juu ya vigezo, ambako kuna mambo mengi madogo yenye madhara makubwa. Tarehe 03/04 ni Machi 4 kwa wengine na Aprili 3 kwa wengine, na modeli imesoma maandishi ya pande zote mbili. Viwango vipo tangu zamani: ISO 8601 inaweka mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na RFC 3339 ya mwaka 2002 ilikibana zaidi kiwango hicho kwa matumizi ya intaneti. Kutaja kiwango hakutoshi, hata hivyo. Lazima maelezo yaseme kama tarehe ya mwisho ya kipindi imejumuishwa au haikujumuishwa, na kama siku inaanza saa sita usiku kwa majira ya UTC au kwa majira ya mahali data ilipokusanywa. Pale muda unapoandikwa kama hesabu kuanzia 1 Januari 1970, ni lazima isemwe kama hesabu hiyo ni ya sekunde au ya milisekunde, kwa kuwa tofauti yake ni mara elfu moja na namba zote mbili hupita katika skima bila kipingamizi. Vipimo navyo vitajwe ndani ya jina la uga, yaani sehemu moja ya rekodi, ikiwezekana, kwa mfano mvua_mm, kwa sababu jina husafiri pamoja na data hata pale maelezo yanapoachwa nyuma. Kwa nchi itumike misimbo ya ISO 3166, kwa fedha ISO 4217, na kigezo chenye thamani chache zinazokubalika kiorodheshe thamani hizo zote ndani ya skima. Kinachoweza kuzuiwa na skima kizuiwe huko, ili maneno ya maelezo yabaki kwa mambo ambayo skima haiwezi kuyasema.

Jambo la kuchagua zana halijadiliwi vya kutosha. Wakala mara nyingi anazo zana kadhaa zinazofanana: moja inatafuta nyaraka kwa maneno, nyingine inaleta waraka mmoja kwa namba yake, ya tatu inajibu maswali ya takwimu kutoka jedwali. Kila moja ikielezwa peke yake kwa sifa nzuri, zote zitaonekana kufaa kwa kila swali. Maelezo mazuri hutaja jirani na mpaka: “Tumia zana hii ukiwa na namba ya waraka. Kama una mada tu, anza na zana ya utafutaji. Zana hii haijui idadi wala wastani.” Najua msanidi hapendi kuandika kile ambacho kazi yake haiwezi, lakini kwa uzoefu wangu sentensi ya kukanusha humsaidia wakala kuliko sentensi tatu za kusifu.

Hitilafu, ndugu wasikilizaji, ni maelezo yanayofika kwa wakati. Pale ombi linapokataliwa, wakala husoma ujumbe wa hitilafu kwa makini yote, kwani ndicho kitu kipya zaidi mbele yake na kinagusa hatua anayotaka kuichukua. Ujumbe unaosema “ombi batili” unamfanya ajaribu tena kwa kubahatisha, wakati mwingine mara nyingi, huku akitumia muda na fedha za mtumiaji. Ujumbe unaosema “msimbo wa kituo lazima uwe na tarakimu tano, umetuma jina, tumia zana ya kutafuta vituo ili upate msimbo” unamwonyesha njia. Ni muhimu pia kutenganisha hitilafu ambazo ombi lake linafaa kurudiwa na zile ambazo halifai. Katika itifaki ya HTTP, msimbo 429 unamaanisha maombi yamezidi, na seva inaweza kutaja katika kichwa cha Retry-After muda wa kusubiri. Msimbo 403 unamaanisha hakuna ruhusa, na kurudia ombi lile lile hakutaleta ruhusa. Zana ikizigeuza zote mbili kuwa “imeshindikana,” wakala ataacha pale alipopaswa kusubiri, na ataendelea kugonga pale alipopaswa kumwambia mtumiaji kwamba mlango umefungwa. Mbaya kuliko yote ni zana inayomeza hitilafu na kurudisha orodha tupu. Huo ni ukimya uliotengenezwa kwa makusudi, na kwa maoni yangu hakuna kosa la usanifu linalopotosha majibu ya mawakala kwa wepesi kama hilo.

Mtu anaweza kusema, na ni haki yake, kwamba nikiandika yote haya maelezo yatakuwa marefu mno. Pingamizi hili lina msingi. Maelezo ya zana hukaa katika dirisha la muktadha, yaani maandishi ambayo modeli inaweza kuyazingatia kwa wakati mmoja, hulipiwa kwa tokeni, yaani vipande vya maneno, na wakala mwenye zana hamsini akibebeshwa kurasa mbili kwa kila moja atakuwa amechoshwa kabla ya kuanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba modeli zilizojaribiwa zilitumia vizuri zaidi taarifa iliyokuwa mwanzoni au mwishoni mwa muktadha mrefu kuliko iliyokuwa katikati. Lakini ufupi unaopatikana kwa kuondoa mipaka na kubakiza sifa ni ufupi wa hasara. Kinachofaa kupunguzwa ni historia ya mradi, majina ya teknolojia iliyotumika ndani, maneno kama “yenye nguvu” na “ya kisasa,” na kurudia kwa sentensi kile ambacho skima imekwisha kukisema. Baada ya hapo, sentensi ya kwanza iseme zana inaleta nini kutoka wapi, ya pili iseme lini isitumike, na mambo ya ukimya yafuate. Orodha ndefu za misimbo zihamishiwe kwenye zana ya pili ambayo wakala ataiita akizihitaji. Mfano mmoja au miwili ya ombi kamili pamoja na jibu lake una thamani kubwa, mradi mmojawapo uwe mfano wa ombi lililokosa data, kwa sababu mfano wa mafanikio pekee unamfundisha wakala kwamba data hupatikana daima.

Usalama nitaugusa kwa ufupi, ingawa unastahili hotuba yake. Rekodi zinazochotwa mara nyingi zina maandishi yaliyoandikwa na watu wengine, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo maagizo yanayoelekezwa kwa wakala. Maelezo ya zana yanapaswa kutaja ni nyuga zipi zenye maandishi huru kutoka nje, na kusema kwamba yaliyomo ni data ya kusomwa na si maagizo ya kufuatwa. Onyo hilo husaidia, ila halitoshi peke yake; ulinzi wa kweli uko katika ruhusa alizopewa wakala. Model Context Protocol inaruhusu zana itangaze kwamba inasoma tu na haibadilishi kitu, lakini itifaki yenyewe inaeleza kwamba tangazo hilo ni dokezo, na kwamba programu isilitegemee likitoka kwenye seva isiyoaminika. Nami naongeza: msitangaze hivyo kama zana yenu, huku ikisoma, inaandika pia kumbukumbu inayomgharimu mtu au kufunga rekodi kwa muda.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote: maelezo yaliyo mazuri, kamili, na yasiyolingana na zana. Septemba 1999 chombo cha anga cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Wengi wanakumbuka kwamba vipimo vilichanganywa, lakini si wengi wanaokumbuka kilichobainishwa na bodi ya uchunguzi: hati ya kiolesura ilikuwapo, nayo ilitaka data ya msukumo itolewe kwa vipimo vya metriki. Programu ya ardhini ndiyo iliyotoa data hiyo kwa pauni-sekunde mahali pa nyutoni-sekunde. Walioipokea waliiamini hati. Wakala wa akili mnemba ni mpokeaji wa namna hiyo hiyo, anayeamini hati kwa kuwa hana kingine cha kuamini, na hasiti hata pale ambapo mtaalamu angehisi kwamba namba hizi si za kawaida.

Kwa hiyo maelezo hupimwa kama msimbo unavyopimwa. Andaeni maswali ambayo majibu yake mnayajua kwa njia nyingine, mmpe wakala zana pamoja na maelezo yake peke yake, kisha msome mfululizo mzima wa maombi aliyoyatuma. Jibu la mwisho linaweza kuwa sahihi kwa bahati, pengine kwa sababu modeli ililijua kutoka katika mafunzo yake na haikuihitaji zana. Mfululizo wa maombi ndio unaoonyesha kama alielewa. Alipotuma jina badala ya msimbo, maelezo yana kasoro hapo. Alipoita zana mara nne kwa tarehe zile zile, ujumbe wa hitilafu haukumwambia kitu. Alipoacha kuomba ukurasa wa pili, alama ya mwendelezo haikuonekana. Rekebisheni neno moja, rudieni maswali yote, na mrudie tena kila modeli iliyo nyuma ya wakala inapobadilishwa, kwa sababu maelezo yaliyoeleweka na modeli moja yanaweza kusomwa tofauti na nyingine.

Katika seti hiyo ya maswali, naomba sehemu kubwa iwe ya maswali yasiyo na jibu ndani ya zana: kituo kisichokuwapo, mwaka ulio kabla ya data kuanza, wiki ambayo haijaingizwa, kiashiria ambacho hakikusanywi, rekodi ambayo wakala hana ruhusa ya kuiona. Jibu linalotarajiwa kwa kila moja liandikwe kwa maneno kamili na kwa kutofautiana: hili ni “kituo hiki hakimo,” hili ni “data inaanza mwaka fulani,” hili ni “bado haijaingizwa, data iliyopo inaishia tarehe fulani,” hili ni “sina ruhusa.” Seti hiyo ikae katika hazina ile ile ya msimbo wa zana, na badiliko lolote la zana au la maelezo yake lisipitishwe hadi wakala ameweza kuzitenganisha hali hizo zote kwa mtumiaji bila kuzichanganya.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.